Mwenye Usonji katika Riwaya na Senema

Liko swali moja la zamani katika uhakiki wa hadithi ambalo halijapata kuchakaa. Mtungaji amchukuapo mtu wa namna fulani akamtia katika kisa chake, je, awajibika kwa watu wote wa namna hiyo, au awajibika kwa kisa chake tu? Swali hili limekwisha kuulizwa juu ya taswira ya mwanamke, ya mtumwa, ya mkulima na ya mgeni. Hapa nataka kuliuliza juu ya mtu ambaye fasihi ya ulimwengu haikumjua kwa jina mpaka juzi, yaani mtu mwenye usonji. Naliuliza kwa kuwa hadithi zinazomhusu zimekuwa nyingi katika muda wa miaka arobaini hivi iliyopita, na kwa kuwa watu wengi walio nje ya nyumba yenye mtoto wa hali hii hawana elimu nyingine juu yake isipokuwa ile waliyoiokota katika hadithi hizo. Palipo na elimu ya namna nyingi, hadithi mbovu haidhuru sana. Palipo na hadithi peke yake, hadithi ndiyo daktari, ndiyo mwalimu, na mara nyingine ndiyo hakimu.

Elimu yenyewe ni changa. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 walioonekana kuishi peke yao hata walipokuwa katikati ya watu. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna aliandika habari za watoto wengine. Na kabla ya hao wawili, mwaka 1925, daktari mwanamke wa Urusi aitwaye Grunya Sukhareva alikuwa amekwisha kueleza hali ya wavulana sita ambao leo tungewatambua mara moja. Yafaa msomaji ajue pia kwamba hadithi ya kwanza yenye madhara makubwa juu ya usonji haikutungwa na mwandishi wa riwaya. Ilitungwa na wataalamu. Kwa miaka mingi walisema kwamba ubaridi wa mama ndio unaomfanya mtoto ajifungie ndani ya nafsi yake, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim alikitolea jambo hilo kitabu kizima, akakiita The Empty Fortress, yaani ngome tupu. Tazameni jina hilo. Ni istiari, tena istiari nzuri masikioni, nayo iliwatia akina mama wengi katika aibu wasiyostahili, ilhali Bernard Rimland alikuwa amekwisha kuivunja hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1964. Leo yafahamika kwamba usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo tangu utotoni, na kwamba sura zake ni nyingi mno: yupo asiyetamka neno maisha yake yote, na yupo afundishaye katika chuo kikuu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 kiasi cha mtu 1 katika 127 alikuwa nayo. Hao ni mamilioni ya watu, nao watazamaji wengi huwajua kupitia mmoja.

Huyo mmoja ni Raymond Babbitt wa senema ya Rain Man, iliyotoka mwaka 1988 chini ya uongozi wa Barry Levinson. Kisa chake ni chepesi kukieleza. Kijana Charlie, mfanyabiashara wa magari ya anasa mjini Los Angeles, afiwa na baba ambaye hawakupatana. Katika urithi apata gari kuukuu na miti ya mawaridi; dola milioni tatu zawekwa kwa ajili ya mtu asiyemjua, naye ni kaka yake Raymond aliyefichwa miaka yote katika nyumba ya kulelea watu huko Cincinnati. Charlie amtorosha kaka yake kwa tamaa ya fedha. Wasafiri pamoja kwa gari kutoka upande mmoja wa Marekani mpaka wa pili, na katika safari hiyo tamaa yageuka kuwa mapenzi. Senema ilipata tuzo nne za Oscar, na mojawapo ilikuwa ya Dustin Hoffman aliyeigiza Raymond.

Hapana shaka kwamba senema hii ilifanya kazi kubwa. Kabla yake neno lenyewe lilikuwa la madaktari na la wazazi wachache. Baada yake lilikuwa la kila mtu. Nani awezaye kulidharau jambo hilo? Lakini mhakiki hana budi kuuliza ni nini hasa kilichojulikana. Barry Morrow aliyebuni kisa hiki alipata wazo lake baada ya kukutana mwaka 1984 na Kim Peek wa Salt Lake City, mtu wa kumbukumbu ya ajabu, aliyesemwa kuwa amehifadhi moyoni vitabu maelfu. Peek, aliyefariki mwaka 2009, alizaliwa na ubongo ambao nusu zake mbili hazikuunganishwa kama za watu wengine, na madaktari waliomchunguza baadaye hawakumhesabu kuwa mwenye usonji. Basi mfano mkuu wa usonji katika senema za ulimwengu ulishonwa kwa vitambaa viwili: kumbukumbu ya mtu asiyekuwa na usonji, na mienendo ya watu wengine waliokuwa nao ambao Hoffman aliwachungulia kwa bidii. Kushona hivyo si kosa katika sanaa. Watungaji wote hushona. Lakini mtazamaji hakuonyeshwa mshono.

Kuna tukio katika senema hii ambalo hata watu wasiopata kuiona hulisimulia. Katika mkahawa, kasha la vijiti vya kuchokolea meno laanguka, vijiti vyatawanyika sakafuni, na Raymond kwa kutupa jicho mara moja atamka jumla yake: 246. Kasha lilikuwa la 250. Mhudumu atazama, akuta vimebaki vinne. Tukio lenyewe halichukui hata dakika mbili. Na liko tukio jingine, kwa maoni yangu lililo bora kuliko yote katika senema nzima, ambalo sijamsikia mtu akilisimulia. Usiku, katika nyumba ya wageni, Charlie atambua kwamba yule rafiki wa utotoni aliyedhani amemwota tu, aliyekuwa akimwimbia alipoogopa, alikuwa Raymond. Na kwamba jina “Rain Man” si jina la ajabu lolote bali ni “Raymond” katika kinywa cha mtoto mdogo asiyeweza kutamka vizuri. Kisha maji ya moto yafunguliwa bafuni, na Raymond ashikwa na hofu, apiga kelele, kwa kuwa akumbuka siku ile mtoto mchanga alipokaribia kuunguzwa na maji, na yeye akaondolewa nyumbani kwa ajili hiyo. Katika dakika hizo chache twaona kila kitu ambacho watu husema mwenye usonji hana. Twaona kumbukumbu yenye uchungu, na hofu kwa ajili ya mwingine. Na mapenzi yaliyodumu miaka mingi bila kupata neno la kuyasema.

Kwa nini basi vijiti vikumbukwe na maji yasahauliwe? Jibu langu ni kwamba watazamaji hawaondoki na senema nzima. Waondoka na kile kiwezacho kusimuliwa tena kwa sentensi moja. Vijiti 246 ni sentensi moja. Maji ya moto yataka kueleza utoto, baba, wimbo na jina. Jambo hili sisi twalijua vizuri kuliko wengine, kwa kuwa sehemu kubwa ya watazamaji wetu huipata senema kupitia kinywa cha mtu wa pili. Wapo wasimulizi wa vibanda vya video wa Dar es Salaam na Kampala, ambao huifasiri senema juu kwa juu na kuikata na kuiongeza kwa kadiri ya hamu ya waliokaa mbele yao. Na wapo watu wa kawaida tu wanaowasimulia wenzao kazini kesho yake. Katika masimulizi ya pili ajabu hupona na huzuni hupotea. Kwa hiyo mtungaji aingizaye ajabu moja ndani ya kisa chenye huzuni nyingi yafaa ajue mapema ni kipi kitakachosafiri.

Na ajabu hiyo imesafiri. Rimland, yule yule aliyewatetea akina mama mwaka 1964 na aliyeombwa ushauri wakati wa kutengeneza Rain Man, alikuwa amekadiria mwaka 1978 kwamba watoto wenye usonji walio na kipawa cha pekee ni kiasi cha mmoja katika kumi. Mwaka 2018 wataalamu waliochunguza wahusika wa senema na vipindi 26 walikuta karibu nusu yao wamepewa vipawa vya namna hiyo. Tofauti kati ya mmoja katika kumi na nusu nzima si jambo la kupamba takwimu. Maana yake ni kwamba mzazi wa mtoto asiyesema, anayezungusha kifuniko cha sufuria tangu asubuhi mpaka jioni, hukutana na jirani mwema mwenye swali hili: huyu wako kipaji chake ni nini? Jirani hana ubaya. Ameambiwa na senema kwamba kila kilichopungua hapa hulipwa pale, kana kwamba Mungu ni mweka hazina mwenye daftari. Mtoto asiye na cha kulipia aonekana amepungua mara mbili, mara moja mbele ya watoto wengine na mara nyingine mbele ya Raymond.

Lipo pia jambo la kazi apewayo mhusika katika kisa. Ukiitazama Rain Man kama tutazamavyo tamthilia, utaona kwamba anayebadilika ni Charlie. Raymond aingia katika kisa jinsi atokavyo. Yeye ni kioo ambacho ndugu yake ajitazamia. Matumizi haya ya mtu mwenye kilema kama ishara au kama chombo cha kumponya mzima si ugonjwa wa Marekani peke yake. Katika riwaya zetu, mtoto azaliwaye na kichwa kikubwa mwishoni mwa Kichwamaji ya Kezilahabi (1974) hapewi nafasi ya kuwa mtoto. Ni hukumu iliyovaa mwili. Nayo Takadini ya Ben Hanson, iliyosomwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania ingawa kisa chake ni cha Zimbabwe na lugha yake ni Kiingereza, yajitahidi zaidi kumpa kijana wake mwenye ualbino maisha ya kwake. Nimewaona wanafunzi wakibishana juu ya kitabu hicho kwa ukali ambao hawaupati katika vitabu vyenye sanaa kubwa kuliko hicho, na ukali huo watokana na hili: Takadini ataka kitu. Raymond ataka vipindi vyake vya televisheni na chupi za duka lake, na watazamaji huvicheka.

Riwaya ya Mark Haddon, The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, iliyotoka Uingereza mwaka 2003 na kupata tuzo ya Whitbread ya kitabu bora cha mwaka, ilibadili jambo moja kubwa: ilimpa mhusika kalamu. Christopher Boone, mwenye miaka 15, wa mji wa Swindon, amkuta mbwa wa jirani ameuawa kwa uma wa kulimia bustani, akusudia kumtafuta muuaji, na atuandikia habari za upelelezi wake. Aziandika sura zake kwa namba tasa, yaani 2, 3, 5, 7 na kuendelea, kwa kuwa azipenda. Hapendi kuguswa. Hawezi kusema uongo. Neno la usonji halitajwi ndani ya kisa, ijapokuwa lilitajwa na waliokitangaza. Na Haddon mwenyewe amesema baadaye kwamba yeye si mtaalamu wa hali hiyo na kwamba kitabu chake hakikukusudiwa kuwa mafunzo juu yake. Hata hivyo kimetumiwa kuwafundisha walimu, polisi na wauguzi. Hapa mtungaji na wasomaji wake waliachana njia panda, na mimi siwezi kumlaumu mtungaji kwa njia waliyoishika wasomaji.

Sanaa ya kitabu hiki yataka kupimwa kwa uangalifu, maana ina pande mbili zinazovutana. Upande wa kwanza, msomaji huwekwa juu ya msimulizi. Christopher azikuta barua za mama yake, ambaye ameambiwa kwamba alikufa. Barua zina tarehe za baada ya kifo hicho. Msomaji afahamu papo hapo, naye Christopher aanza kuwaza kwamba pengine zimeandikwa kwa Christopher mwingine, na mama mwingine. Msomaji atabasamu kwa huruma. Huruma hiyo ina utamu wa kujiona mwerevu, nao ni utamu wa hatari, kwa kuwa atokaye na kitabu mkononi aweza kudhani kwamba mbele ya kila mwenye usonji yeye ndiye ajuaye yaliyofichika. Upande wa pili, kisa chenyewe chaigeuza meza. Muuaji wa mbwa ni baba. Aliyeficha barua ni baba. Majirani walijua, wakanyamaza. Katika mtaa mzima asiyesema uongo ni mmoja, na huyo ndiye aliyeitwa mwenye upungufu. Damian Milton, mwanachuoni wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya watu hawa na wengine kuna pande mbili; si mmoja tu ashindwaye kumfahamu mwenzake. Haddon alikuwa amekwisha kulionyesha jambo hilo miaka tisa kabla, pengine bila kulikusudia, pale baba amshikapo mwanawe mabega akitaka kumfariji na mwana aona mauti.

Sehemu iliyo bora ni ile ya kituo cha treni. Christopher hajapata kusafiri peke yake. Atelemka London, na maandishi ya kituoni, matangazo, majina ya maduka na mishale yamwagika katika ukurasa bila mpango, yakichanganyika, mpaka msomaji mwenyewe apoteza mstari. Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma maelezo mengi ya kitaalamu juu ya kelele na mwanga vinavyomlemea mtu mwenye usonji; hakuna lililonifahamisha kama ukurasa ule. Hapa riwaya ilifanya kile ambacho senema ya Levinson haikuweza, kwa kuwa katika senema twamtazama Raymond kutoka nje akishika kichwa king’ora cha moshi kiliapo, ilhali hapa king’ora chalia ndani ya macho yetu. Simon Stephens aliigeuza riwaya hii kuwa mchezo wa jukwaani mjini London mwaka 2012, na taa na sauti zikatumika kuifanya kazi ile ile. Kwa miaka mitano Christopher aliigizwa na watu wasiokuwa na usonji, mpaka mwaka 2017 Mickey Rowe, ambaye anao na husema hadharani kwamba anao, alipopewa nafasi hiyo katika jimbo la Indiana, Marekani.

Udhaifu wa kitabu wajulikana: Christopher naye ni bingwa wa hesabu, na mwisho apata daraja la juu katika mtihani mgumu. Daftari la mweka hazina limefunguliwa tena.

Watazamaji wetu wa pwani na wa bara walio wapenzi wa senema za Kihindi walikutana na usonji kwa njia nyingine, katika My Name Is Khan ya mwaka 2010. Rizwan, aliyeigizwa na Shah Rukh Khan, ni Mwislamu akaaye Marekani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 mtoto wa mkewe auawa kwa chuki, naye asafiri kumtafuta rais ili amwambie kwamba yeye si gaidi. Naistahi senema hii kwa ushujaa wake, lakini nadhani usonji wa Rizwan umefanywa vazi la utakatifu. Kusema kweli tupu, kutoogopa wakubwa, kushika ahadi kama ilivyotamkwa: hizi ni sifa za walii, na watu wengi niliozungumza nao walimkumbuka kama walii, si kama mtu mwenye hali fulani ya ubongo. Kipindi cha Korea ya Kusini cha mwaka 2022 juu ya wakili Woo Young-woo kilikuwa na akili zaidi. Kilimtolea wakili huyu kipawa cha kumbukumbu kama kawaida, kisha katika sehemu ya tatu kikamleta mbele yake kijana mwenye usonji asiyeweza kujieleza, ashtakiwaye kwa kifo cha kaka yake. Na mama wa kijana huyo, akimtazama wakili, aona uchungu badala ya faraja. Ni mara chache hadithi hujihukumu yenyewe kwa namna hiyo, tena mbele ya watazamaji wale wale wanaoishangilia. Juu ya Music ya mwanamuziki Sia, ya mwaka 2021, sina haja ya kusema mengi: ilionyesha kumlalia mtu mwenye usonji ili kumtuliza kana kwamba ni tendo la mapenzi, wakati kitendo hicho kimekwisha kuua watu, na mwenyewe akaomba radhi.

Yasemwa mara nyingi kwamba hadithi za namna hii, hata zikiwa na kasoro, ni bora kuliko kimya. Yako majaribio yanayoliunga mkono neno hilo. Mwaka 2019 wataalamu wawili wa Marekani, Stern na Barnes, walilinganisha watu waliotazama sehemu moja ya The Good Doctor, kipindi juu ya daktari mpasuaji mwenye usonji, na watu waliosikiliza mhadhara. Waliotazama kipindi walionekana kupata maarifa sahihi zaidi na hisia njema zaidi. Sisi tunaoishi kwa mihadhara yafaa tulimeze dawa hiyo bila kukunja uso. Hata hivyo jaribio la namna hiyo hupima alichobaki nacho mtazamaji muda mfupi baada ya kutazama. Halipimi alichomwambia jirani yake mwaka wa pili.

Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kitabu cha Haddon kingefasiriwa kwa Kiswahili. Christopher ashikilia kwamba istiari ni uongo, bali tashbihi si uongo, kwa kuwa neno “kama” huonyesha wazi kwamba vitu viwili vinalinganishwa. Katika Kiingereza kanuni hiyo humwondolea misemo kadhaa. Katika Kiswahili ingemwacha karibu bubu. Sisi twala chakula, na twala kiapo, twala njama, twala hasara, twala rushwa, na likizo pia twaila. Njaa yatuuma bila meno. Usingizi hutuchukua bila kutupeleka popote. Hata “moyo” hatuwezi kuutaja bila kuwa na maana mbili. Mfasiri angelazimika kuamua kama Christopher wake ayakataa maneno haya yote, na hapo angekuwa kichekesho, au ayakubali yale yaliyozoeleka na kuyakataa yaliyo mapya. Na akichagua hili la pili atakuwa amegundua jambo ambalo Haddon hakulazimika kuligundua, kwamba mpaka kati ya neno la kawaida na fumbo haumo katika neno bali katika mazoea. Tena fumbo kwetu si pambo la mazungumzo. Ni heshima. Mkwe haambiwi jambo kavu kavu; mgeni hafukuzwi kwa kuambiwa aondoke. Ngano zetu zina vijana wengi wanaocheka­wa kwa kuyashika maneno ya wakubwa jinsi yalivyotamkwa, wakapeleka vitu pasipotakiwa na kusema yasiyosemwa. Sitaki kuwafanya hao kuwa wagonjwa. Mhakiki atoaye hukumu za kidaktari juu ya wahusika wa ngano apoteza wakati wake. Nasema tu kwamba msikilizaji wetu alikuwa na mahali pa kumweka Christopher kabla hajamsikia, na mahali penyewe ni pa kuchekewa.

Kuna ugumu mwingine ulio mkubwa kuliko huo. Katika senema hizi zote alama ya kwanza apewayo mtazamaji ni macho. Hoffman huinamisha kichwa upande na hamtazami mtu usoni. Waigizaji waliomfuata karibu wote wameiga hivyo. Mtazamaji wa Marekani aishika alama hiyo mara moja, kwa kuwa huko mtoto hufundishwa kumtazama mkubwa machoni anaposema naye. Katika nyumba nyingi za kwetu mtoto hufundishwa kinyume. Aliyeinamisha macho mbele ya babu yake amelelewa vizuri. Aliyeyakaza ndiye huulizwa kama hana haya. Basi Raymond, kwa mtu wa Tanga au Malindi, ni kijana wa adabu mpaka afungue kinywa. Na alama za upande wa pili, zile ambazo senema hizi hazikuzitilia maanani kwa kuwa hazina maana huko zilikotengenezwa, kwetu ndizo zenye kupiga kelele: mtoto asiyeamkia, asemaye “umenenepa” kwa shangazi na “uongo” kwa mwalimu, apokeaye kitu kwa mkono wa kushoto na kwenda zake bila neno. Huyu haitwi mwenye usonji. Huitwa mkosa adabu, na dawa yake yajulikana, nayo iko nyuma ya mlango wa darasa. Mwenzake aliyeketi kimya dawati la mwisho, macho chini, miaka minne, husifiwa katika ripoti ya muhula kwa utulivu.